Dawa Nyuma ya Kioo

Hivi umewahi kuiona dawa yako kwa macho yako mawili, iko mkono mmoja tu kutoka ulipoketi, chupa imesimama wima kama askari wa zamu, na usiweze kuigusa?

Bibi wa nyumba ile aliiona hivyo tangu Jumamosi asubuhi hadi Jumapili alasiri. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vitatu, uani choo na bomba la maji, mbele kibaraza chenye dirisha la kuuzia. Alikuwa amehamia kwa mwanawe mwaka uliopita, macho yalipoanza kufifia na daktari aliposema vidonge vya kisukari sasa basi, ni sindano, asubuhi na jioni, kabla ya kula. Mwanawe kazi yake kusoma mita za maji. Kutwa anagonga mageti ya watu, anaambiwa asubiri, anasubiri, mpaka tabia ile ikamwingia mwilini akawa anasubiri hata nyumbani kwake. Mkewe ndiye aliyekuwa na sauti. Aliuza maziwa, mtindi, soda na mayai kwenye lile dirisha, na mtaa mzima ulimwita Mama Maziwa.

Friji lake lilikuwa la dukani, refu, lenye milango miwili ya kioo inayoteleza mmoja nyuma ya mwingine. Alilinunua kwa mtu aliyefunga biashara. Pale milango inapopishana palikuwa na kufuli dogo la duara, ukubwa wa kifungo cha koti. Ufunguo wake haukuwa bapa kama funguo tulizozizoea. Ulikuwa kijibomba kifupi cha chuma, mdomo wake wa duara umekatwakatwa vijinafasi. Ulikuwa mmoja tu, nao ulilala mfukoni mwa aproni ya Mama Maziwa usiku na mchana. Zamani friji lilikaa wazi. Likaanza kufungwa siku bibi alipokutwa na chupa ya soda imebaki nusu, akalazwa siku tatu. Mama Maziwa alisema analifunga kwa faida ya bibi, na hapo hakusema uongo. Ila aliwaambia na wateja, na hilo halikuwa na faida kwa bibi hata kidogo. Tangu siku hiyo kila asubuhi na kila jioni bibi huja na bomba lake la sindano ndani ya kikombe, na pamba, anakaa kwenye kigoda, anangoja kufunguliwa.

Jumamosi ile mleta mayai alipiga hodi mapema kuliko kawaida. Mama Maziwa alifungua friji, akapanga madumu ya maziwa chini, trei mbili za mayai juu. Yai moja lilikuwa na ufa. Alilitoa akaenda kulivunjia kwenye bakuli jikoni, akarudi huku simu iko begani, mteja anataka mtindi lita tatu, akasukuma mlango wa kioo, akalibonyeza kufuli kwa dole gumba. Likaingia. Akaendelea na simu.

Bibi alipotokea na kikombe chake, Mama Maziwa alitia mkono mfukoni, akautoa mtupu. Akatia mfuko wa pili. Akavua aproni akaikung'uta. Akatazama juu ya friji, chini ya friji, kwenye sahani ya chenji, kwenye karai la vyombo, jikoni kando ya bakuli. Bibi alikaa kwenye kigoda, kikombe magotini, akimfuata kwa macho. Nyuma ya kioo, rafu ya pili kutoka juu, kando ya soda, kikasha chake cha dawa kilikuwa pale pale, jina lake limeandikwa kwa wino na mwuguzi.

Mama Maziwa alisimama katikati ya chumba. Alikuwa ametafuta kila mahali isipokuwa mahali pamoja, akageuka akapatazama.

"Mama," alisema, na sauti ilikuwa laini, "umeamka saa ngapi leo?"

Bibi alisema ameamka saa ileile ya siku zote. Akaulizwa kama alipita sebuleni. Alipita, kwani choo kiko uani na njia ni moja. Akaulizwa kama alipopita aligusa kitu pale penye friji. Hapo bibi akaelewa maswali yanaelekea wapi, akajibu kwamba yeye ufunguo wa watu hana haja nao, haja yake ni sindano.

"Anayeitaka sindano ndiye anayelitaka friji," mkwewe alisema. "Au nakosea?"

Alimwita binti yake wa miaka tisa, aliyekuwa akipiga mswaki uani, akamwamuru ampekue bibi yake. Mtoto alisimama na povu mdomoni. Mama yake alisema yeye mwenyewe hawezi kumpekua mkwe, ni aibu, lakini mjukuu ni mwenzake bibi, hakuna ubaya. Basi mtoto akaanza. Akatia vidole mifukoni. Akaambiwa afungue na kitambaa cha kichwa. Bibi aliinamisha kichwa ili mtoto afikie, na nywele zake nyeupe chache, ambazo mjukuu huyo hakuwahi kuziona mchana, zikawa wazi mbele ya mteja aliyekuwa dirishani na kopo lake.

"Samahani bibi," mtoto alinong'ona.

"Fanya upesi, mjukuu wangu."

Kwenye pindo la nguo palikuwa na fundo. Mtoto alilifungua kwa meno. Ndani mlikuwa na peremende mbili, zimevaa karatasi zao, zimelainika kwa joto la mwili. Mama Maziwa alizichukua akaziinua juu kama mwamuzi anayeonyesha kadi.

Bibi alieleza. Alisema peremende hizo ni mwuguzi wa kliniki aliyemwamuru awe nazo, kwamba sindano wakati mwingine huishusha sukari mno, mtu akatetemeka na kutoka jasho, na hapo peremende moja ndiyo inayomrudisha. Alieleza taratibu, kwa mpangilio, kama alivyoelezwa. Lakini maelezo ya mtu ambaye kitambaa chake kiko sakafuni nani huyasikiliza? Mteja dirishani alicheka puani, akasema wahenga hawakukosea, kikulacho ki nguoni mwako. Mama Maziwa akazitia peremende mfukoni mwa aproni.

Godoro liligeuzwa. Mkoba wa bibi ukamwagwa kitandani: kadi ya kliniki, miwani yenye mkono mmoja, picha ya marehemu mumewe, sabuni kipande, kitana. Ufunguo haukuwemo.

"Sawa," alisema Mama Maziwa. "Mimi sina haraka. Soda nitanunua za baridi kwa jirani niuze. Mwenye dawa humo ndani si mimi."

*

Msoma mita alirudi saa saba mchana, viatu vimejaa vumbi la vichochoro. Alielezwa yote kabla hajavua mfuko begani. Alikwenda akalitazama friji, akajaribu kuutelezesha mlango, ukakataa. Akachutama akachungulia kile kitundu cha duara. Katikati yake palikuwa na kijiti cha chuma, na kukizunguka vijiti vingine vidogo vidogo, vinang'aa. Alichokoa kwa kijiti cha kibiriti, kikakatikia mikononi mwake.

Akasema labda wavunje kioo. Alilisema jambo hilo kama anayeuliza saa. Mkewe akamuuliza kama anajua bei ya kioo kile, na kama anajua ni dirisha lipi linalolipa ada ya mtoto mshahara wa mita unapochelewa. Alijua. Akasema basi labda wakanunue chupa nyingine ya dawa, kwani kliniki ya serikali haifunguliwi mpaka Jumatatu lakini duka la dawa la barabarani wanayo.

"Tununue dawa, na dawa ile pale tunaiona?" mkewe alisema. "Mwanamume mzima. Hata mtoto wako angekucheka."

Hilo nalo lilikuwa na mantiki yake. Msoma mita alikaa. Akasema labda waite fundi. Mkewe akamjibu kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto hesabu, kwamba fundi ni wa ufunguo uliopotea, na huu haukupotea, umefichwa. Aliyeuficha anausikia mwili wake unavyomwambia. Kufika jioni atautoa mwenyewe, bila fundi, bila gharama, na hatarudia.

Bibi aliyasikia yote hayo, kwani alikuwa chumbani na ukuta ulikuwa wa mbao. Alikuwa na kiu. Alikunywa maji kikombe cha tano, akaenda uani, akarudi, akanywa cha sita. Kiu ile aliijua, si kiu ya jua. Hakuwa amekula, kwa kuwa aliambiwa asile bila sindano, na wala hakuna aliyemwekea chakula. Ulimi ulikuwa mzito kama ngozi ya kiatu.

Mwanawe alibisha, akaingia, akaketi ukingoni mwa kitanda. Alitazama vidole vyake.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Unao?"

Bibi alimtazama. Akasema hana. Hakuapa, na labda hapo alikosea, kwani siku hizi neno bila kiapo halina uzito. Mwanawe akasema anamwamini. Akasema lakini hali ya nyumba anaiona mwenyewe, mkewe yule ana hasira za karibu lakini hana kinyongo, kinachomuudhi ni kuona anafanywa mjinga. Mtu akikiri tu, anapoa. Halafu fundi ataitwa, friji litafunguliwa, kesho litakuwa jambo la kuchekea.

"Unataka nikiri kitu ambacho sikukifanya."

"Nataka uchome sindano, mama."

Sauti yake ilikuwa imelowa. Bibi aliisikia, na moyo wa mama ukafanya ule ujinga wake wa siku zote. Alijifunga kitambaa upya, akashika ukuta, akaenda sebuleni alikokuwa mkwewe akipima mtindi alionunua kwa jirani.

"Ni mimi," alisema. "Nisamehe, mwanangu. Ni mimi."

Mama Maziwa hakugeuka mara moja. Aliumalizia mtindi, akafunga kifuniko, akafuta mikono. Kisha akauliza, na swali lake lilikuwa ndilo swali ambalo wale wawili kule chumbani hawakulifikiria hata kidogo:

"Uko wapi?"

Bibi alifungua mdomo. Akamtazama mwanawe, na mwanawe akatazama mita ya umeme ukutani kana kwamba ndiyo aliyotumwa kuisoma. Akasema aliutupa. Akaulizwa wapi. Akasema jalalani.

Basi jalala likamwagwa. Lilikuwa pipa la bati pembeni mwa uwanja, lina takataka za wiki nzima, na Mama Maziwa alisema aliyetupa ndiye atakayeokota. Bibi alichutama juani akachambua maganda ya mayai, majani ya chai, vitambaa, majivu, mifuko ya maziwa iliyochacha. Kila alichokigusa alikisogeza karibu na macho, maana macho yalikuwa yameanza kuona ukungu. Kuna msemo kwamba ukubwa ni jalala. Aliukumbuka, akautemea mate. Majirani wawili waliegemea uzio. Mmoja aliuliza bibi anatafuta nini, na Mama Maziwa akamjibu kutoka dirishani kwamba anatafuta akili yake. Watu wakacheka, si kwa ubaya sana, kama watu wanavyocheka Jumamosi mchana.

Mwanawe alikuja akachutama kando yake, akaanza naye kuchambua. Mkewe alimwita mara moja tu, naye akanyanyuka akaenda.

Ufunguo haukuonekana, na makosa yake yakawa mawili: aliiba, na sasa hataki kusema kweli ulipo. Jioni hakuchoma. Alipewa uji bila sukari, akanywa vijiko vitatu, vikarudi.

*

Jumapili asubuhi hakuchoma. Aliomba kuketi sebuleni, akaketishwa kwenye kigoda chake mbele ya friji. Mjukuu alimletea maji bila kuambiwa, akarudi kuyajaza mara nne. Miguu ilikuwa si yake tena. Aliweza kuona rangi ya kikasha, ila jina lake juu yake halikusomeka. Alijua tu kwamba lipo.

Saa nane mchana umeme ukakatika.

Friji lilikoroma, likatetema, likanyamaza. Mama Maziwa alitoka jikoni mbio. Aliweka kiganja kwenye kioo. Ndani mlikuwa na madumu manne ya maziwa ya Jumamosi, ya kupelekwa kwenye hoteli mbili Jumapili jioni, na ndoo ya mtindi. Aliuliza mtaani, akaambiwa kebo imeungua, mafundi wa umeme siku ya leo wasahau. Hakukaa. Hakusema aliyeuficha atautoa. Alimwambia mumewe, "Kimbia kwa Mluzi, na usirudi bila yeye."

Kwa hiyo maziwa yalipata fundi kwa nusu saa.

Mluzi alikuwa fundi wa funguo wa pembeni mwa soko, mtu wa makamo, mfupi, mwenye sanduku la mbao na jicho moja lililozoea kufumbwa. Walimwita jina lile kwa sababu hakufungua kitu bila kupiga mluzi. Aliingia, akamwona kwanza bibi, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Sauti ilitoka kavu.

Akaliendea friji, akalipapasa lile kufuli kwa ncha ya kidole, akataja bei yake: trei mbili za mayai. Mama Maziwa alisema kwa kazi ya dakika mbili hiyo ni trei moja, tena ya mayai madogo. Mluzi hakukasirika.

"Dada yangu, kuvunja ni bure. Jiwe lile pale nje. Mimi nalipwa ili nisivunje."

Wakapatana trei moja na nusu. Msoma mita alitaka kusema walipe tu, akameza.

Mluzi alipiga magoti. Alimulika kitundu kwa tochi, akahesabu vijiti kwa sauti, saba. Alisema kufuli hili si gumu, lina deko. Kila kijiti kina urefu wake kinaoutaka, na lazima vyote saba viridhike kwa pamoja. Ukimridhisha mmoja ukamkera mwenzake, unaanza upya. Kisha, huku akichagua kifaa sandukuni, akauliza kama anayeuliza habari za mvua:

"Nani alilifunga mara ya mwisho?"

"Mimi," alisema Mama Maziwa.

"Ufunguo ulikuwa mkononi?"

"Ufunguo siku zote unakaa mfukoni mwangu."

"Sikuuliza siku zote."

Mluzi alitoa kijibomba cha chuma chenye vidole saba vyembamba vya waya vilivyobanwa kwa raba. Alieleza, bila kumtazama mtu, kwamba makufuli haya ya kubonyeza hayaombi ufunguo ili yafungwe. Kidole kinatosha. Kwa hiyo katika kumi anayoitiwa, saba hukuta ufunguo umo ndani umestarehe, unamtazama.

"Huu umeibwa," Mama Maziwa alisema. "Mwenyewe alishakiri."

"Ahaa," alisema Mluzi, akaanza kupiga mluzi.

Aliingiza kijibomba, akakisukuma, akakizungusha kidogo kulia, kidogo kushoto, unywele kwa unywele. Kikateleza. Akakipangusa kwenye suruali, akaanza tena. Jasho lilimtoka puani. Alisema ni kama kumbembeleza mtoto ateme alichoficha mdomoni, ukitumia nguvu anameza. Mara ya pili kikafika nusu kikagoma. Akapumzika, akageuza shingo kuona bibi anafanya nini. Bibi alikuwa ameegemea ukuta, mdomo wazi, kikombe chenye bomba la sindano bado magotini.

"Kile kikasha ni cha nani?"

"Cha mama," msoma mita alisema.

"Ya kuchoma hiyo. Amechoma leo?"

Msoma mita alimtazama mkewe.

"Jana?"

Nje mteja aliita hodi ya maziwa. Mama Maziwa alimwambia asubiri. Mluzi alimtazama msoma mita kwa lile jicho lake lisilofumbwa, mpaka msoma mita akainama kuokota tochi ambayo haikuwa imeanguka. Kisha fundi akarudi kazini, na safari hii hakupiga mluzi.

Mara ya tatu lilisalimu amri. Kulisikika tik ndogo, na kile kifungo cha chuma kikajitokeza nje kama jicho la chura.

Mama Maziwa alisukuma kioo kabla fundi hajaondoa mkono. Alitoa dumu la kwanza, akafungua, akanusa. La pili, akanusa. Alimpa mumewe, naye akapokea, akaweka chini, akapokea jingine. Ni Mluzi aliyeingiza mkono rafu ya pili, akachukua kikasha, akampa bibi kwa mikono miwili kama mtu anayemkabidhi mwenyewe mali yake.

"Bado ina ubaridi, mama. Haijaharibika."

Mama Maziwa alikuwa ameshika trei ya juu ili amtolee fundi ujira wake. Alisimama nayo. Ilikuwa trei ya mayai thelathini, ina mayai ishirini na tisa. Katika kile kishimo cha thelathini, pale lilipotoka yai la ufa, ufunguo ulikuwa umekaa, mdomo wa duara juu, umetulia kama kifaranga.

Kila mtu aliuona. Mtoto wa miaka tisa ndiye aliyesema:

"Mama, si ndipo ulipotoa lile yai?"

"Nenda uani."

Mtoto alikwenda. Mluzi alikusanya waya zake, moja moja. Mama Maziwa aliuchukua ufunguo, akaupangusa kwenye aproni ingawa haukuwa na uchafu wowote, akautia mfukoni pamoja na zile peremende. Alisema ni shetani tu amepita. Alisema mtu ukiamka na simu begani huwezi kukumbuka kila kitu. Na kwa kuwa bado macho ya fundi yalikuwa juu yake, akaongeza:

"Lakini mwenyewe si alisema ni yeye? Alisimama pale, kwa mdomo wake. Mimi ningejuaje?"

Alimgeukia mumewe athibitishe. Msoma mita alikuwa ameshika dumu la maziwa kifuani kwa mikono miwili.

"Alisema," alisema.

*

Mluzi aliondoka na mayai yake, akakataa yale ya nusu trei, akisema yatamkaba. Mlangoni alimnong'oneza msoma mita kwamba sindano moja haitoshi kwa siku mbili, bibi apelekwe hospitali kuu leo, hata kwa mkokoteni. Msoma mita alisema atafanya hivyo, kwanza amsaidie mkewe na maziwa kidogo, kwani hoteli wanangoja.

Bibi alijaribu kuvuta dawa, lakini alama kwenye bomba la sindano zilikuwa zimeungana mstari mmoja. Akamwita mwanawe. Alikuja akapangusa mikono, akashika bomba kama mtu aliyeshika nyoka, akauliza ni ngapi. Mwaka mzima, asubuhi na jioni, na hakujua ni ngapi.

"Ishirini."

Aliyekuwa akisoma namba za watu siku nzima alizisoma zile mara tatu. Kiputo cha hewa kikaingia, akakitoa, akavuta tena. Bibi alijichoma mwenyewe tumboni, kwa kubahatisha, akabonyeza pamba. Damu kidogo ilitoka.

Dirishani Mama Maziwa alikuwa akiuza kwa nusu bei, kopo baada ya kopo, akiwaambia watu wawahi kabla hayajachacha. Mmoja aliuliza kama mwizi wa ufunguo alipatikana. Akajibu kwamba ulikuwa mchezo tu wa wazee, mambo yameisha. Kisha akamwita mumewe amletee ndoo ya mtindi.

Msoma mita hakwenda mara moja. Alichutama mbele ya kigoda. Alisema amefurahi, Mungu mkubwa, ufunguo umeonekana na kila kitu kiko wazi sasa. Akasema mkewe hakukusudia. Akasema mwisho wa mwezi atamnunulia mama viatu vya raba, vile vya kuvalia uani, au akitaka miwani mpya. Bibi hakujibu. Midomo ilikuwa imepasuka, na alikuwa akiilamba taratibu, pembe hadi pembe. Akamuuliza basi anataka nini, aseme tu, chochote. Akamuuliza tena. Mkewe akaita mara ya pili, naye kwa mara ya kwanza siku ile akabaki palepale, si kwa ushujaa, bali kwa sababu ule ukimya ulimwogopesha kuliko sauti.

"Mama, sema. Unataka nini?"

"Sasa hivi sitaki kitu," bibi alisema. Alipumzika, akavuta pumzi. "Jana ndiyo nilitaka. Ulipokuja kitandani kwangu kuniomba niseme ni mimi, nilitaka wewe ndiye utoke ukamwambie mkeo kwamba uliyeuficha ni wewe."